Asili Waliyoporwa: Kuwatafuta Babu Zetu wa Kisauni, Rabai na Changamwe



Katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, na habari za misaada iliyotolewa kwa wafiwa na wagonjwa. Sisi tumepewa kazi ya namna nyingine. Tumetakiwa kuandika habari za watu waliotangulia kukaa katika bara hii inayokitazama kisiwa cha Mombasa, na kueleza ni kwa njia gani mtu wa leo aweza kumtafuta babu yake ambaye jina lake limepotea au limebadilishwa.

Labda mtu atauliza, jambo hili lahusu nini Chama cha kusaidiana? Jawabu ni kwamba Chama hulikuta jambo hili mlangoni pake kila mara. Mtu akifa, twaulizwa azikwe wapi na nani apelekewe habari. Vijana wawili wakitaka kuoana, wazee huuliza kama hawa si ndugu. Ardhi ikigombaniwa, hakimu huuliza ni nani aliyeipata kwanza, mwaka gani, na wewe u nani kwake. Kwa maswali hayo jawabu la "sisi ni watu wa hapa tangu zamani" halitoshi. Mwenye kujua jina la babu wa babu yake husimama imara, na asiyejua huyumba kama nyumba isiyo na msingi.

Twajua kuwa wako wazee wasiopenda habari hizi zifunuliwe. Husema, "Funika kombe mwanaharamu apite." Yaani, kwa kuwa baadhi ya babu zetu waliletwa hapa wakiwa watumwa, ni afadhali kunyamaza, maana mtu mwenye ulimi mbaya aweza kulifanya neno hilo tusi. Hatuwalaumu. Wengi wao walilisikia tusi hilo utotoni, kisimani na sokoni. Lakini iko methali nyingine isemayo, "Mwacha asili ni mtumwa." Tumeifikiri sana methali hii. Je, yawahusu babu zetu? Twasema haiwahusu. Wao hawakuiacha asili yao, waliporwa. Aliyeporwa mali hapati aibu kwa kuitafuta. Aibu ni ya mporaji.

Wenzetu wa nchi nyingine wana njia iliyokwisha kusafishwa. Mjukuu wa mchimba makaa ya mawe katika Uingereza akitaka kumjua babu yake, huanza na vitabu vya Serikali. Nchi ile ilianza kuandikisha wazaliwa, ndoa na vifo mwaka 1837, na tangu mwaka 1841 hesabu ya watu imeandika majina nyumba kwa nyumba. Humo huonekana baba, mama, watoto, umri wao na kazi yao. Mchimba makaa alikuwa mtu maskini, akifanya kazi gizani chini ya ardhi, na hata watoto wadogo waliingizwa mashimoni mpaka sheria ya mwaka 1842 ilipokataza wavulana walio chini ya miaka 10. Walakini jina lake liliandikwa, na jina la baba yake, na kijiji alikozaliwa. Umaskini haukumnyang'anya ukoo.

Babu yetu hakuchimba makaa hayo, lakini maisha yake yalifungamana nayo. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikivizia majahazi ya watumwa katika bahari yetu zilikwenda kwa matanga na kwa moto, na makaa yaliyopendwa sana na wanamaji wale ni yale yaliyochimbwa Wales. Na waliosukuma makaa hayo na kuyatupia tanurini, katika joto la Bahari ya Hindi, wengi walikuwa Waafrika walioandikwa kazi Zanzibar, Aden na Bombay, ambao mabaharia waliwaita Masidi. Baadhi yao walikuwa wenyewe watumwa waliokombolewa. Hivyo yawezekana kabisa kwamba jahazi lilipofukuzwa na kukamatwa, aliyeutia nguvu mwendo wa manowari ile alikuwa Mwafrika mwenye sepeto mkononi, mweusi kwa vumbi la makaa, akiwakimbilia ndugu zake bila kuwajua. Naye katika daftari la meli aghalabu aliandikwa kwa jina la mzaha alilobandikwa na mabaharia. Hapo ndipo tofauti ilipo. Makaa ni yale yale. Lakini aliyeyachimba aliachwa na jina lake, na aliyeyachoma akapewa jina la kuchekesha.

Sasa na tueleze mwanzo wa mji wa Kisauni wa wakombolewa, uitwao Frere Town.

Mwaka 1872 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Zanzibar kumtaka Seyyid Barghash bin Said aikomeshe biashara ya watumwa baharini. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Lakini biashara haikufa siku ile. Majahazi yaliendelea kusafiri kwa siri, na manowari ziliendelea kuyakamata. Ikawa lazima ipatikane nchi ya kuwakalisha watu waliotolewa katika majahazi hayo, kwa kuwa hawakuweza kurudishwa makwao, vijiji vyao vikiwa vimechomwa na njia zikiwa mikononi mwa watekaji.

Mwezi wa Novemba 1874 alifika Mombasa Padre William Salter Price, aliyekuwa zamani akitunza shule ya Waafrika waliokombolewa huko Sharanpur, karibu na Nasik, katika Bara Hindi. Mwaka uliofuata ilinunuliwa ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na mji ukapewa jina la Frere. Mwezi wa Septemba 1875 manowari iitwayo Thetis iliteremsha pale watu zaidi ya 200 kwa mara moja. Fikirini hali yao. Walikuwa wa makabila mengi: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo na wengineo, wanaume, wanawake na watoto. Wengi hawakusikilizana kwa lugha. Walitokana na mbali, nchi ambazo leo ziko Malawi, Msumbiji na kusini ya Tanzania. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, nacho walijifunza wakiwa watu wazima, mashambani na darasani.

Waliowapokea walikuwa Waafrika pia. Price alipata msaada wa watu kama 150 walioitwa Waafrika wa Bombay. Hao nao walitekwa utotoni katika nchi zile zile, wakakamatwa na manowari, wakapelekwa Aden kisha Bara Hindi, wakalelewa na kufundishwa kazi za mikono na kusoma, halafu wakarudishwa Afrika. Katika hao tutataja wawili ambao maisha yao yajulikana vema, ili tuone njia ambayo babu zetu wasiojulikana walipitia.

Wa kwanza ni Chengwimbe. Alikuwa Myao. Alitekwa akiwa kijana, akauzwa, akapelekwa pwani na kupakiwa katika jahazi. Manowari ililikamata jahazi lile, naye akajikuta katika nchi ya Wahindi, shuleni Nasik, ambako alibatizwa na kuitwa Matthew Wellington. Mwaka 1872 alikuwa mmoja wa vijana wa Nasik waliopelekwa bara kumfuata Dakta Livingstone. Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, mwezi Mei mwanzoni, mwaka 1873, watumishi wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua mabegani kwa mwendo wa miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Viongozi wao walikuwa Chuma na Susi. Jacob Wainwright, kijana mwingine wa Nasik, ndiye aliyechora jina la marehemu katika gome la mti, akaandika habari za siku zile kwa mkono wake, tena akasafiri na maiti hata Uingereza, ambako ilizikwa tarehe 18 Aprili 1874.

Chengwimbe akaja kukaa upande wetu huu. Aliishi miaka mingi, akafa Mombasa mwaka 1935, akiwa wa mwisho wa kundi lile. Basi tazameni: mtu aliyeanza maisha yake kijijini kwa Wayao aliifikia zama ya motokaa na daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1931. Wazee wa wazee wetu walimwona kwa macho. Mambo haya hayako mbali kama tudhaniavyo.

Wa pili ni William Henry Jones. Yeye pia alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kulelewa Nasik. Alifundishwa kazi ya uhunzi. Mwaka 1864, miaka kama kumi kabla ya Frere Town kuanzishwa, yeye na Ishmael Semler na George David waliletwa Rabai kumsaidia Rebmann. Tarehe 31 Mei 1885 Jones na Semler walipewa daraja la ushemasi na Askofu Hannington huko Frere Town. Mwezi wa Julai Hannington akatoka Rabai kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini, na Jones akafuatana naye kama mkubwa wa msafara. Askofu alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Jones aliyebaki nyuma na wapagazi alingoja, akapata habari, akawarudisha watu wake mpaka Rabai, wakafika mwezi wa Februari 1886. Mbele ya msafara ilitangulia bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka. Katika njia ile ya njaa na hatari hapakuwa na Mzungu wa kuwaamrisha. Aliyewaongoza alikuwa mtu aliyepata kuuzwa kama bidhaa.

Maisha ya watu hawa wawili yaonyesha pia ugumu wa kazi yetu. Wellington si jina la Kiyao, wala Jones, wala Semler. Mtoto alipobatizwa alipewa jina jipya, na mara nyingi jina la pili lilikuwa la mmisionari, au la mtu mashuhuri, au la mfadhili wa shule. Yuko mtu wa Nasik aliyeitwa Carus Farrar, na jina Farrar lilikuwa la mmisionari wa shule ile. Kwa hiyo watu wawili wenye jina moja la Kizungu wasidhani kuwa ni ndugu wa damu, maana huenda babu zao walikuwa Myao na Mmakua waliosimamiwa na mtu mmoja. Na watu wawili wenye majina mbalimbali wasidhani kuwa si ndugu, maana ndugu wa tumbo moja walitekwa pamoja na kubatizwa siku mbalimbali. Jina la namna hii hutuambia shule aliyosoma mtu. Halituambii ukoo wake.

Yatupasa tuseme kweli kuhusu maisha ya mji ule. Watu walipewa mashamba ya kulima, watoto wakafundishwa, wengi wakaoana. Kengele ilijengewa mnara wake kuwaonya watu hatari ikija, na ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni mpaka leo. Lakini uhuru wao ulikuwa na mipaka. Palikuwa na amri za saa za kazi na za mwenendo, na adhabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mkubwa wa kituo, Streeter, alishutumiwa kwa ukali wa viboko vyake, habari zikafika Uingereza, akaondolewa. Waafrika wa Bombay nao walinung'unika kwa mishahara midogo na kwa kutopewa heshima iliyolingana na elimu yao. Manung'uniko hayo yaliandikwa katika barua, na barua hizo zimehifadhiwa. Kwa mtafutaji wa ukoo barua za malalamiko zina faida kuliko barua za sifa, kwa sababu mlalamikaji hutia jina lake chini.

Si wote waliofika kwa manowari. Wengine walikuja kwa miguu yao. Hao walikuwa watoro, watu waliokuwa watumwa katika mashamba ya pwani, ambao waliposikia habari za Rabai na vituo vingine walikimbilia huko wakapokewa. Wamiliki wao walikasirika sana, hata ikaogopwa kwamba vituo vitashambuliwa. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipoanza kutawala mwaka 1888, mkubwa wake George Mackenzie aliona kwamba vita yaweza kutokea. Akapatana na wamiliki walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, zilitolewa hati za uhuru. Jumla ya watu walioandikiwa hati katika vituo vyote ilipita 1,400, wengi wao wakiwa wa Rabai. Kila mtu katika hao alipata karatasi yenye jina lake. Ikiwa yuko mwanachama ambaye katika sanduku la bibi yake imo karatasi kuukuu isiyosomeka vema, asiitupe na asiichome. Labda hiyo ndiyo cheti cha kwanza cha ukoo wake.

Wengine wote waliokuwa watumwa pwani walingoja mpaka mwaka 1907, sheria ya Serikali ilipoondoa hali ya utumwa mbele ya mahakama. Mwaka mmoja baadaye, 1908, ilikuja sheria ya hati za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi aende kuonyesha haki yake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Angalieni jinsi tarehe hizi mbili zilivyokaribiana. Mtu aliyepata uhuru jana alitakiwa leo aonyeshe ardhi ya baba zake. Angeonyesha nini? Wengi hawakuenda, wengine hawakusikia habari. Mizozo mingi ya mashamba iliyowasumbua wajukuu katika Kisauni, Changamwe na Likoni mizizi yake ni hiyo.

Sasa tuje kwa wale wanachama ambao babu zao hawakutoka katika majahazi, bali walishuka kutoka milimani na bara kuja kutafuta kazi. Hawa nao wana sehemu katika habari ya makaa ya mawe. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Magarimoshi yalikula kuni na makaa ya mawe, na meli za moshi vivyo hivyo. Makaa yalikuja kwa meli kutoka nje, yakateremshwa katika matishari, yakabebwa migongoni. Mpaka gati za maji marefu za Kilindini zilipojengwa katika miaka ya 1920, shehena zote zilipita njia hiyo ya matishari. Kuli wa makaa alitambulika kwa mbali, macho tu yakiwa meupe. Kazi yake ilikuwa ya siku kwa siku, meli ikija alikula, meli isipokuja alikopa.

Neno lenyewe lamweleza. Kibarua ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mtu kwa kazi ya siku moja. Jua likichwa, alipokea ujira wake, na cheti kikaisha kazi. Hivyo mtu aliweza kubeba makaa miaka ishirini na jina lake lisiwe katika daftari lolote la mwajiri. Mchimba makaa wa Uingereza aliandikwa na Serikali kwa kuhesabiwa nyumbani kwake. Mbeba makaa wa Kilindini alihesabiwa kwa gunia.

Lakini hata yeye hakupotea kabisa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Serikali iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kuchukua kipande, kilichotiwa katika kibweta cha chuma na kuvaliwa shingoni. Babu zetu walikichukia, tena kwa haki, maana kiliwafanya kama wanyama wenye alama. Hata hivyo katika kipande iliandikwa habari ya kwao: jina lake, la baba yake, kabila, wilaya na mzee wa mahali pake. Kilichowekwa ili kumfunga mtu, leo chaweza kumrudisha mjukuu wake nyumbani. Tena yako maandishi ya migomo. Mahamali wa bandari waligoma mwaka 1934 na 1939, na tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, reli na kazi nyingine nyingi waligoma wote pamoja, wakakutana kila siku uwanjani Kiembeni, na kiongozi wao akawa Chege Kibachia. Serikali iliandika sana juu ya siku hizo, na katika maandishi yake wamo watu wadogo wasioandikwa mahali pengine.

Basi mtu afanye nini atakaye kumtafuta babu yake? Tutataja mambo matano.

Kwanza, aanze na walio hai. Akae na mzee mkubwa wa ukoo, amwulize pole pole, kwa siku nyingi, si kwa siku moja. Asiulize "Je, tulikuwa watumwa?" Aulize, "Bibi yako alikuita kwa jina gani? Aliimba kwa lugha gani? Alizikwa wapi, na nani alikuwa upande wa kichwani?" Wanawake zaidi ndio wenye hazina hii, kwa sababu katika vitabu vya zamani mke aliandikwa kama mke wa fulani tu, na habari zake zimebaki vinywani mwa mabinti zake.

Pili, asikilize maneno. Neno la Kiyao au la Kinyasa lililobaki katika kubembeleza mtoto, namna ya kupika, jina linalorudiwa kila kizazi bila mtu kujua maana yake, yote hayo ni nyayo.

Tatu, aende kwenye vitabu vya makanisa. Frere Town, Rabai, Ribe na Jomvu ni mahali pa misheni za zamani, na misheni huandika ubatizo, ndoa na mazishi. Asome si jina la mbatizwa tu, bali pia majina ya wasimamizi, kwa kuwa wasimamizi aghalabu walikuwa watu wa jahazi moja. Waliovuka bahari pamoja walihesabiana kuwa ndugu, na wengine walikatazana kuoana kwa sababu hiyo.

Nne, atafute maandishi ya Serikali na ya mbali. Nyaraka za Taifa ziko Nairobi. Barua za misheni ya C.M.S. zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Kila jahazi lililokamatwa lilipaswa kuhukumiwa na baraza, na wanamaji walipata zawadi ya fedha kwa idadi ya watu waliokombolewa au kwa ukubwa wa chombo. Kwa hiyo watu walihesabiwa kwa uangalifu. Si sababu nzuri sana ya kumhesabu mwanadamu, lakini hesabu ipo.

Tano, asome yaliyokwisha kuandikwa na watu wetu. James Mbotela, mwana wa mtu aliyekombolewa, aliandika kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Alieleza humo jinsi watu walivyotekwa bara, wakapakiwa majahazini, wakakombolewa na kuletwa Frere Town. Aliyasikia hayo kwa wale waliotendewa. Kama angalingoja kizazi kimoja zaidi, asingalipata wa kumwuliza. Na jina hilo halikufichika. Kenya nzima ililisikia redioni kwa miaka mingi kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940 na kufariki mwaka 2025. Ukoo wa wakombolewa ulisema na taifa zima, na hakuna aliyepungukiwa na heshima kwa hilo.

Twarudi kwa wazee wasemao tufunike kombe. Tunawaheshimu, na hatutaki mtu alazimishwe kusema asilotaka. Habari za ukoo ni mali ya ukoo. Lakini twaomba wafikiri jambo moja. Kimya hakikuwazuia watu wenye ulimi mbaya kutusema. Kiliwazuia wajukuu tu kujijibu. Kijana aulizwaye "Kabila lako nini?" akainama chini, hainamishwi na utumwa wa babu yake. Huinamishwa na kutojua. Angalijua kwamba babu yake alitembea kutoka ziwa Nyasa mpaka pwani akiwa na kongwa shingoni, akavuka bahari, akajifunza lugha mpya, akalima, akaoa, akalea, akajenga nyumba iliyosimama Kisauni, angaliinua kichwa.

Kwa hiyo twaomba Halmashauri ikubali Chama kiwe na daftari moja la koo. Kila mwanachama apewe ukurasa wake. Aandike jina lake, la baba na mama, la babu na bibi pande zote mbili, mahali walipozaliwa, kazi walizofanya, na mahali walipozikwa. Asilolijua aache nafasi tupu, wala asijaze kwa kubuni, maana nafasi tupu yaweza kujazwa na mtu mwingine, lakini uongo hufunga njia. Ukurasa ambao mwenyewe hapendi usomwe na watu utiwe muhuri, ufunguliwe kwa idhini ya ukoo wake tu. Karatasi kuukuu, vipande na hati zipigwe picha na kurudishwa kwa wenyewe siku ile ile.

Na wale wazee waliopita umri wa miaka 80 tuwaendee nyumbani kwao kabla ya mkutano mkuu ujao, wawili wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Sisi tuko tayari kushika kalamu. Wenye kujua nyumba za wazee hao, Kisauni, Changamwe, Likoni na Rabai, wampe Katibu majina yao.